Mume Wangu Alitaka Tuione Njia

Mume wangu alianza kuizungumzia safari ile msimu wa korosho ulipokwisha, wakati kila mtu pale Milola, kijijini kwa mume wangu, anatembea kama aliyetoka kuugua. Tulikuwa tumeokota, tumeanika, tumejaza magunia. Mgongo wangu ulikuwa umekaza kiasi kwamba nikiinama kuchochea moto nilisimama kwa awamu. Akaja jikoni, akavuta kigoda, akasema, "Mama watoto, twende kwenu kwa gari."

Kwetu ni upande wa pili wa nchi, kandoni mwa Ziwa Nyasa, karibu na Mbamba Bay. Kazi ya ualimu ndiyo iliyonileta Lindi nikiwa msichana, nikaolewa, nikabaki. Mara ya mwisho kurudi ilikuwa kumzika mama yangu. Nilikwenda kwa basi, nikafika miguu imevimba, tukazika, nikageuza.

"Basi linakubeba kama gunia," alisema. "Mimi nataka tuione njia."

Alikuwa na kigari chake kikuukuu alichokuwa akibebea dawa za mikorosho. Akapanga kila kitu kichwani. Asubuhi tungeshuka Lindi mjini tuchovye miguu baharini, kisha tuelekee machweo bila haraka mpaka tuichovye tena ziwani. Ndanda tungesimama tuitazame ile milima. Masasi tungelala, tuamke tukiyaona majabali yanavyopata rangi jua likichomoza. Songea tungenunua masweta. Umatengoni, kwenye milima ya mwisho kabla ya ziwa, tungesimama kila kona, kwa sababu alisikia kwamba ukiwa juu kule unaliona ziwa lote limelala chini yako. Yeye mwenyewe hakuwahi kuvuka Masasi. Yaliyobaki aliyapata kwa madereva wa malori, na aliyasimulia kana kwamba amezaliwa huko.

Nikamjibu, "Sawa." Nilikuwa nakoroga uji wa mama yake.

Mama mkwe wangu alikuwa amepooza upande mmoja tangu miaka kadhaa nyuma, muda mfupi baada ya mimi kustaafu. Nilikuwa nimengoja kustaafu kwa hamu, nikidhani nitapumzika. Badala yake nikajifunza kumgeuza mtu mzima kitandani bila kumuumiza, kumwosha, kumtandikia, kumlisha kijiko kwa kijiko huku nikimfuta upande wa mdomo usiosikia. Mume wangu ni mtu mwema. Kila asubuhi aliingia, akasema, "Shikamoo, mama," akangoja ile marahaba inayotoka kwa taabu, akamwombea dua, akamshika mkono. Lakini kumwosha mama aliyemzaa hakuweza, na mama mwenyewe asingekubali. Kwa hiyo ilibaki mikono yangu.

Kila jioni baada ya swala ya isha alikaa kwenye mkeka akaendelea na safari. Mimi nilimsikiliza nimeegemea ukuta.

"Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nimesema nini?"

"Umesema masweta."

Akacheka sana. "Masweta ilikuwa juzi! Leo tuko Tunduru, tunavuka mto."

Sikuwa na nguvu ya kucheka naye. Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nalibeba tangu siku ile ya jikoni. "Na mama?"

"Dada atakuja. Nimeshazungumza naye."

Dada yake, wifi yangu, anaishi Somanga, anakaanga samaki na kuwauzia abiria mabasi yanaposimama. Ni mwanamke wa maneno mengi na kicheko kikubwa. Alikuja na ndoo ya samaki na khanga mpya ya mama yake, akanikumbatia mlangoni, kisha akanirudisha nyuma kidogo anitazame.

"Wifi, umekwisha hivi?"

"Korosho," nikamwambia.

Kesho yake asubuhi nilimwita chumbani nimwonyeshe kazi. Nikamwonyesha jinsi ya kupitisha mkono chini ya mabega, goti likae wapi, na namna ya kungoja mama avute pumzi ndipo umgeuze. Akasema ameelewa. Akajaribu. Mama akapiga yowe, wifi akamwachia, nami nikamdaka kabla hajaangukia ukingo wa kitanda. Alijaribu tena, safari hii taratibu, akafika nusu, akamlaza tena na kushika kiuno. Miaka ya kuinama juu ya makarai ya mafuta ilikuwa imemwachia kiuno kibovu, na sisi sote tulikuwa tumesahau.

Nikamalizia mimi. Nikamwosha mama, nikamfunga khanga mpya, nikamlaza ubavu wa pili. Wifi alikuwa ameketi sakafuni karibu na beseni, machozi yanamtiririka, wala hayafuti.

"Hivi ndivyo kila siku?"

"Mchana na usiku."

"Mimi nikija huwa namkuta kaoga, kavaa, kalala. Sikujua, wifi. Wallahi sikujua."

Baadaye tulikaa uani watu watatu. Wifi ndiye aliyesema. "Kaka, mimi nitabaki, lakini peke yangu siwezi. Kumwosha nitamwosha, kumwinua siwezi. Wewe utamwinua ukiwa umemfunika khanga, utatazama pembeni, halafu utoke."

Mume wangu aliangalia gari lake lililokuwa chini ya mkorosho, na nilimwona akielewa polepole maana ya maneno yale. Akainuka, akachota maji, akaanza kuliosha gari ambalo halikuwa chafu. Aliporudi suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini.

"Basi nenda wewe," akaniambia.

"Safari ni yako. Mimi hata sikuiomba."

"Najua. Nenda. Ukapumzike kwenu."

Nilitaka kubisha, kwa heshima tu. Lakini mdomo ulikataa, nikasema, "Haya."

Akanipeleka stendi ya Lindi alfajiri. Hatukupita baharini, maana basi lilikuwa tayari linaunguruma. Alipanda mpaka ndani akanichagulia kiti cha dirishani, akanieleza niangalie kulia wapi na kushoto wapi. Akamwambia na abiria wa pembeni yangu, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, kwamba huyu anakwenda ziwani, asikose majabali. Yule mama akaahidi.

Nakumbuka tulipita Mnazi Mmoja. Baada ya pale sikumbuki kitu. Niliamshwa na simu mapajani.

"Umeyaona?" Ilikuwa sauti yake.

Nikatazama nje. Miti, miti, barabara imenyooka. Nikamuuliza jirani yangu tuko wapi. Akacheka. "Masasi tulishaiacha zamani, mama. Nilikutikisa bega, ukaniambia mgeuze polepole, ukalala tena."

"Nimelala," nikamwambia mume wangu. "Nimepitiliza yote."

Nilidhani atakasirika. Akasema, "Lala, mama watoto," akakata.

Nikalala. Songea nililala chumba cha wageni karibu na stendi. Hata baridi sikuisikia. Gari la Mbamba Bay nililipanda asubuhi nikiwa na nia ya kuangalia ile milima, na kona ya kwanza tu ndiyo niliyoiona.

Kaka yangu alinipokea kwa "Tumsifu Yesu Kristo," akashtuka, akaongeza "Asalamu alaikumu," tukacheka wote wawili. Mkewe alipika mbasa, samaki wa kule ziwani. Nilikula kidogo, nikalala tena. Nilikaa hivyo, nakula, nalala, mpaka wakaanza kunong'ona kwamba nimekuja na ugonjwa na niende hospitali. Kila mara usiku nilishtuka, mikono tayari imenyooka kumgeuza mtu. Hapakuwa na mtu. Nikairudisha chini ya shuka.

Siku nilipopata nguvu nilishuka ziwani peke yangu. Maji yalikuwa yametulia. Nikaketi juu ya mwamba, miguu ndani. Nilitegemea kulia, kwa ajili ya mama yangu na kwa miaka yote ile, lakini sikulia. Nilihisi mgongo wangu hauumi, basi. Nikakaa pale mpaka mke wa kaka alipotuma watu kunitafuta.

Niliporudi Milola, mama mkwe alikuwa safi, nywele zimesukwa. Mume wangu alikuwa amekonda usoni. Hakuniuliza juu ya majabali wala milima. Aliuliza kama maji ya kule ni baridi, nikamwambia ni vuguvugu, akaitikia kwa kichwa na kuingia chumbani kwa sababu ulikuwa wakati wa kumwinua mama.

Niliweka mkoba chini nikamfuata. Wifi akanizuia mlangoni na beseni mkononi.

"Wewe kaa. Mimi siondoki mpaka masika ipite."

Nikakaa uani. Niliwasikia ndani, mmoja akihesabu moja, mbili, tatu, mwingine akisema pole mama, pole. Sikujua niifanyie nini mikono yangu. Kulikuwa na ungo wa kisamvu pembeni, nikauvuta, nikaanza kuchambua.