Wakwe Waliombewa kwa Rumba

Jamani, acheni niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa watu, maana hapa Lewisville imeshatiwa chumvi hadi kuna wanaosema nilicheza juu ya meza, na mimi siku hiyo hata kiuno sikutikisa, nilikuwa nasukuma chapati. Lakini aibu niliyoipata nitazikwa nayo.

Yote yalianza na tangazo la bia. Kanisani kwetu nyimbo za sifa tunazipiga kutoka kwenye tableti, na kwa kuwa tulikuwa tunatumia akaunti ya bure ya muziki, Jumapili moja katikati ya sadaka likaingia tangazo la bia, tena baridi. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya sifa (ndiyo, mimi huyu ninayewakaripia vijana kwa midundo ya dunia), nikasema basi, tutumie akaunti yangu ninayoilipia. Nani angeona ubaya hapo?

Sasa majira ya kuchipua yakafika, maua ya buluu yakajaa kando ya barabara, nami nikajikuta nimechoka na nyimbo zilezile nikiendesha gari kwenda zamu. Nikawaomba wauguzi wenzangu kila mmoja anipe wimbo wa kwao. Furaha, Mkongomani ninayesali naye pia, akanipa rumba yenye magitaa ya kumwinua mgonjwa kitandani. Mmeksiko mmoja akanipa wimbo wa kodiani, mzee mmoja wa hapa Texas akanipa wa kauboi aliyeachwa na mke, na binti mwenye nywele za zambarau akanipa wa watu wanaonguruma. Nilizipenda zote (huo wa kunguruma kidogo tu), ila nilizisikilizia garini, vioo vimefungwa.

Ikafika Jumapili ya wakwe. Mwanangu Dennis alikuwa amepata mchumba, Chebet, na wazazi wake wakaja kutoka Sugar Land, karibu na Houston, kutuona kwa mara ya kwanza. Baba Chebet ni mtu wa maneno machache, mkewe anafundisha shule ya Jumapili, na Dennis alikuwa ameninong'oneza wiki nzima kwamba wakiona kwetu hakuna heshima, binti hawamtoi. Asubuhi niliwasha nyimbo za sifa kwa simu yangu, zikalia vizuri kwenye spika za kanisa. Mahubiri yalipokuwa yanaisha, nikatoka polepole kwenda nyumbani kupasha pilau na kumalizia chapati.

Jikoni kukawa kimya mno, nikasema niweke rumba kidogo nitulize moyo, nikabonyeza, kimya, nikaongeza sauti, kimya, nikadhani wimbo umekwama, nikajaribu wa kodiani, wapi, nikajaribu wa kauboi, nikasukuma sauti hadi mwisho kabisa. Hakuna kitu. Simu ikaita, ni Furaha, nikakata (nilijua wanauliza kama chakula kimeiva), nikamwandikia, "Bado kidogo." Akapiga tena, nikakata. Mara ya tatu nikapokea kwa kidole kilichojaa mafuta, na kabla hajasema neno nikamsikia nyuma yake yule kauboi, analia habari za mkewe, sauti yake imejaa ukumbi mzima.

"Mama Dennis," Furaha akasema kwa sauti ya chini, "iyi miziki ni ya kwako? Funga, s'il te plaît, tafadhali. Pasta iko anaombea wageni."

Hapo ndipo nikaelewa. Simu yangu na tableti ya kanisa zilikuwa bado kwenye akaunti moja, hazijaachana tangu asubuhi, kwa hiyo kila nilichobonyeza jikoni kilikuwa kinalia kule. Na mume wangu, ambaye ndiye fundi wa mitambo na amemkataza kila mtu kugusa vifaa vyake, alikuwa amepiga magoti mbele pamoja na wakwe, macho yamefumbwa, akingoja mtu mwingine azime. (Rumba ilipoanza, nimeambiwa, akina mama wa Kongo walidhani ni sifa, wakainuka na vitambaa.)

Nikakimbilia kuzima, kidole kikateleza kwa mafuta, kikagusa wimbo unaofuata. Wa kunguruma. Nikausikia kwenye simu, halafu nikamsikia mchungaji akipaza sauti, "Toka! Toka kwa jina la Yesu!" na hadi leo sijui alikuwa anafukuza pepo au ananifukuza mimi. Kisha kukawa kimya, mume wangu alikuwa amechomoa waya. Chapati iliungua mbele yangu nikiitazama tu.

Wakwe walipofika nyumbani nilitamani kujifungia bafuni. Tukakaa mezani. Nilijaribu kueleza habari za tableti na tangazo la bia, nilipotaja bia nikajua nimeharibu zaidi, nikageukia kugawa pilau. Dennis hakuniangalia hata mara moja, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, kwamba mtoto wangu anakosa mke kwa sababu mama yake alitaka kusikia gitaa.

Baba Chebet akanawa mikono, akakohoa.

"Mama Dennis," akasema, "tulikuja kuona nyumba ambayo binti yetu ataingia. Tumeiona. Na tumeisikia."

Nikaangalia sahani yangu. Nilikuwa nimeshaanza kutunga maneno ya kumwomba mwanangu msamaha.

"Binti tumewapa," akaendelea, bila hata kutabasamu. "Lakini muziki wa harusi tutauleta sisi, kutoka Houston."

Mama Chebet ndiye aliyeanza kucheka, akafuata mume wangu, Dennis akacheka hadi akatoka nje, na mimi nikalia. Harusi ni mwezi Juni. Siku hizi nikiingia jikoni simu naiacha garini, na chapati nazisukuma kimya kimya.