Simu Mbili Juu ya Kaunta

Juzi nilikuwa duka la kutolea nakala, Area D, nikisubiri nakala za mazoezi ya wanafunzi wangu. Mbele yangu dada mmoja mwigizaji alishika simu mbili na mkataba usiosainiwa. Wakala wake wa Dar es Salaam alikuwa amempatia nafasi ya muuguzi kwenye tamthilia ya televisheni, kazi ianze Jumatatu, jibu litolewe kabla ya saa sita mchana. Lakini meneja wake, ambaye ni shangazi yake, alikwishaahidi kwamba Jumatatu hiyohiyo ataigiza jukwaani Makutupora.

"Mwambie huyo wakala asubiri," shangazi alisema simuni.

"Mwambie meneja wako hawa watu hawasubiri," wakala akajibu kwenye simu ya pili.

Ilipofika saa tano na nusu, dada akachoka. Akalaza simu zote mbili kwenye kaunta, sauti juu, zikielekeana. "Shangazi, wakala huyu hapa. Semeni wenyewe, mimi nanyamaza."

Mwenye duka akazima mashine ili tusikie vizuri.

"Shikamoo, mama," ikasema simu moja.

"Marahaba, mwanangu. Kumbe una adabu."

"Onyesho la Makutupora haliwezi kuwa Jumamosi, mama?"

"Linaweza. Hukuniuliza."

Dada akasaini, nasi kwenye foleni tukapiga makofi. Nikamuuliza wawili hao wamemsimamia kwa muda gani.

"Mwaka wa pili, mwalimu. Leo ndiyo wamesalimiana."

Ya muuguzi ataimudu. Nafasi ya tarishi ameicheza muda wote huo, tena bila mazoezi.