Shangazi Asiye na Akaunti

Kuna watu waliozaliwa na miguu ya kutembea, na kuna mimi. Hapa nje kidogo ya mji wa Migori majirani wamezoea kuniona nikitoka asubuhi kuweka paneli juani na nikitoka tena jioni kuirudisha. Kati ya safari hizo mbili mimi huwa ndani ya simba yangu, ile nyumba ndogo ambayo kijana wa Kijaluo hujenga kwenye boma la babake akisubiri kuoa. Wenzangu walisubiri kidogo. Mimi nilisubiri mpaka mchwa wakaanza kuniona kama mpangaji mwenzao.

Si kwamba sikuwa na kazi. Baada ya kidato cha nne nilijifunza mambo ya pampu za maji za sola kwa kuzivunja na kuziunganisha upya, na mama mmoja mwenye duka la pampu kule Homa Bay akanichukua niwe mtu wa kuwajibu mafundi wake. Fundi akiwa shambani kwa mteja na pampu imekataa, anapiga picha, anaituma kwenye gumzo letu la kazi, nami namwambia ageuze waya gani. Nimefufua pampu nyingi kule Sindo, kando ya ziwa, nikiwa nimevaa ndara na sijaoga. Shida ni kwamba kazi ya namna hiyo haionekani. Mamangu akiulizwa kanisani mwanawe anafanya nini, alikuwa akijibu, "Anafanya na simu," kisha anageuza maneno yawe ya mvua.

Mvua ilimtosha mamangu. Haikumtosha shangazi ya mchumba wangu.

Mchumba wangu anafundisha chekechea Homa Bay, na huyo shangazi, dada ya marehemu babake, ndiye aliyemlea kwa kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Bila neno lake hakuna ndoa. Na kabla ya kutoa neno lazima aje aone kijana anakaa wapi na anafanya kazi wapi. Alikuwa na sababu. Kabla yangu alitokea mwanamume mmoja aliyedai ana ofisi Isebania, pale mpakani. Shangazi alifunga kibanda chake, akasafiri mpaka Isebania, akaikuta ofisi na bawabu wake, na bawabu akaapa hajawahi kumwona mtu wa jina hilo.

"Sasa anaamini macho peke yake," mchumba wangu aliniambia. "Ukisikia amekuita *ora*, jua umepita. Hiyo ni 'mkwe wangu'. Kabla ya hapo utaitwa 'wewe'."

Siku hiyohiyo nilipewa simu nimsalimie.

"Wewe," alisema. "Ofisi yako iko wapi?"

"Iko kwa simu, shangazi."

"Na ukichoka, unaketi kwa simu?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Basi niliona kama Mungu ananipenda wakati bosi wetu, yule mama wa duka la pampu, alipotangaza mageuzi. Wateja, alisema, wanauliza swali moja kila siku: mbona pampu yangu inanguruma na maji hayatoki. Ataifungua chaneli yetu ya Maswali, ili mtu yeyote akibonyeza linki asome majibu, bila akaunti, bila kujisajili. Kuandika ni sisi tu, kusoma ni dunia nzima.

Nilimtumia shangazi hiyo linki kule Homa Bay kabla bosi hajamaliza kueleza. Shangazi ana simu nzuri, lakini kitu chochote kinachomwomba namba na neno la siri yeye hukiita mwizi. Hiki hakikuomba chochote. Alibonyeza, kikafunguka kama mlango wa kanisa.

Hapa lazima nieleze gumzo letu lilivyokuwa. Tulikuwa na chaneli mbili. Maswali ilikuwa ya kazi, na Kijiweni ilikuwa ya utani. Kijiweni palikuwa na ujumbe mmoja tu tangu siku ya kwanza, wa bosi mwenyewe: "Karibuni Kijiweni." Hakuna aliyekaribia. Utani wote ulikuwa kwenye Maswali, katikati ya nyaya na mabomba, kwa sababu mtu haendi chumba kingine kumcheka mwenzake aliye mbele yake.

Na aliyechekwa alikuwa mimi. Wakati mmoja fundi wetu wa Sindo alinialika dansi Homa Bay, nami nikamjibu, kwa nia safi, "Siwezi, nimeweka maharagwe motoni." Tangu hapo sikuwa na jina lingine. "Muulize Mzee wa Maharagwe." "Mzee wa Maharagwe, wewe unauza jua na jua lenyewe hulijui." Dada yetu wa mauzo, aliye Isebania, aliongeza yake: "Alikuja huku mara moja. Hata chai haijapoa, akaanza kuuliza gari la kurudi."

Bosi alipofungua chaneli alituonya: kuanzia leo tuwe na adabu, watu wanasoma. Tukawa na adabu ya kutisha. Zamani fundi wa Sindo angeandika, "Imekufa," nami ningejibu, "Geuza waya." Sasa aliandika: "Ndugu mshauri, salamu katika jina la Bwana. Pampu ya mteja wetu mpendwa imepatwa na changamoto." Nikajibu: "Ndugu fundi, pole kwa changamoto hiyo. Ukipata nafasi, naomba ukague mwelekeo wa waya." Mteja naye alikuwa amesimama hapo na miche inakauka, akisubiri tumalize kubarikiana.

Nilikuwa na raha. Nilijiona kama mtu mwenye ofisi ya vioo, na shangazi yuko nje ananitazama nikifanya kazi.

Kisha mchumba wangu akapiga simu. "Waya amefika juu."

Waya, kwa Kijaluo, ndivyo anavyomwita shangaziye. "Juu wapi?"

"Juu ya gumzo. Anasema hakuelewa hadithi, kwa hivyo amepanda mpaka ilipoanza."

Sote tulidhani ukifungua chaneli leo, watu wanaona ya leo kwenda mbele. Tulifanya kama mtu anayefagia baraza kwa sababu wageni watapita barabarani, kumbe mlango wa chumba cha kulala uko wazi na mgeni yumo ndani anahesabu soksi. Kila neno tangu siku ya kwanza lilikuwa pale. Na muuza omena, wateja wakipungua, ana wakati wa kusoma.

Nilitaka kufuta. Nikagundua naweza kufuta maneno yangu tu. Ningefuta yangu, yao yangebaki, na shangazi angeona mtu anayetukanwa mfululizo bila hata kusema "wacha". Nikaacha.

Alikuja Jumapili, baada ya misa ya kwanza ya kwao. Sisi ni Wasabato, fundi wa Sindo pia ni Msabato, kwa hivyo Jumapili ni siku ya kazi kama nyingine. Mamangu alikuwa amechinja jogoo. Shangazi alimsalimu kwa heshima zote, akakaa, akanywa maji, akasema, "Sasa nipelekeni ofisini."

Nikampeleka simba, hatua chache kupita kwenye nyanya za mamangu. Alitazama kitanda. Alitazama kiti changu na mto wake, ambao umechukua umbo langu kabisa.

"Ndio hii?"

"Ndio hii, shangazi."

"Na bosi wako yuko Homa Bay. Anajuaje hujalala?"

Simu yangu ikalia. Ilikuwa Sindo: "Ndugu mshauri, salamu. Mashine inazunguka lakini maji hayapandi." Nikaandika akague kama mpira wa kufyonza unaingiza hewa. Shangazi alitoa simu yake ndani ya leso, akasogeza kwa kidole, akasoma huku midomo ikicheza. Akanitazama mimi, akatazama simu.

"Hii ni wewe umeandika?"

"Ni mimi."

"Andika kitu kingine nione."

Sikujua niandike nini, nikatuma nukta. Nukta ikatua kwenye simu yake. Akaisogeza karibu na macho.

"Ingine."

Nikatuma ingine. Hapo fundi wa Sindo akasahau Bwana na salamu zake: "Mzee wa Maharagwe, nimesimama kwa maji mpaka magoti na wewe unanitumia nukta?"

"Mwambie nasoma," shangazi akasema. "Na mwambie avute huo mpira atoe matope. Yule mwingine wa huko mlitoa matope."

Nikaandika. Fundi akajibu kwa unyenyekevu kwamba anatoa matope. Haikuwa matope, ilikuwa hewa. Sikuona haja ya kulizungumza siku hiyo.

Shangazi alikaa kwenye kiti changu, akajaribu mto. "Sasa niambie ukweli. Ni kweli hutoki?"

Nilijua ndilo swali lililomleta. "Mimi hutoka, shangazi. Juzi nilikuwa mjini."

"Kufanya nini?"

"Kununua muda wa simu."

"Hiyo si unanunua ukiwa umekaa?"

Nikatazama ndara zangu.

"Yule wa Isebania," akasema, "aliniletea barua ya padre na barua ya chifu. Zote zilimsifu." Akafunga simu ndani ya leso. "Hawa wenzako hawakujua nasoma. Na walikuwa wanakutafutia ubaya kila siku. Nimesoma yote." Akatikisa kichwa polepole. "Maharagwe."

Tuliporudi kwa mamangu alipita jogoo kama hamjui, akauliza kama kuna maharagwe. Yalikuwepo, ya jana. Akala, akamsifu mamangu, akapanda boda. "Wewe," akaniambia akiwa juu ya pikipiki, "punguza chumvi." Alikuwa amejua kwamba ni mimi niliyeyapika.

Wewe. Bado nilikuwa wewe.

Mchumba wangu alipiga jioni. Alisema shangazi amefika, ameoga, amelala, hajasema kitu. Nami kwenye gumzo nilikuwa na kesi nyingine. "Huyo shangazi anasoma tangu lini?" fundi aliuliza. Nikamjibu, "Tangu mwanzo." Mama mkwe wa fundi naye huuza samaki soko hilohilo la Homa Bay, na fundi huyu amewahi kueleza kwenye Maswali, kwa urefu na kwa ufundi, jinsi mama mkwe huyo anavyokoroma. Akamwangukia bosi. Bosi akafunga chaneli kwa umma mpaka ifagiwe.

Kesho yake mchana nilikuwa kwenye mto wangu, nimekata tamaa kwa starehe, simu ikalia. Namba ya shangazi.

"*Ora*," akasema, bila salamu, "mbona mmefunga? Nilikuwa narudia kwa yule mtu wa Rongo, pampu inanguruma. Ilipona?"

"Ilipona, mama," nikasema. "Subiri kidogo, usikate."

Nikatoka mbio kumtafuta mamangu asikie mwenyewe, nikakanyaga nyanya zake, nikapita lango bila kulifunga. Jirani aliyekuwa akipalilia aliinua kichwa, akaniona nje, mchana, ninakimbia, akauliza kwa upole kama simba inaungua.