Ukurasa wa Viatu Vyekundu

Naichukia simu ya binti yangu. Juzi iliwaka ikaonyesha picha ya viatu, akaipiga kofi: "Ya mimi!"

Nasi utotoni tulifanya hivyo mtaani kwetu Mangobo, tonton, mjomba wetu, alipotuletea katalogi ya Ulaya iliyonukia wino. Aliyetangulia kuipiga picha kofi, kitu kilikuwa chake. Nilipata viatu vyekundu, nikaamini meli itavileta.

Alasiri moja mama, muuza karanga, aliuchana ukurasa ule akamfungia mteja karanga za moto. Nikamkimbilia mteja, nikilia: "Mwizi! Rudisha viatu yangu!"

"Iko karatasi tu, mutoto," mama alicheka.

Nililia siku ile moja, yakaisha. Simu inamrudishia binti yangu viatu vilevile kila asubuhi, nami sina ukurasa wa kuchana.