Bilauri Isiyooshwa

Mchunguzi huyu wa alama za vidole husukuma mlango kwa kiwiko, asiguse kwa vidole, hata akiwa ugenini. Mama mwenye nyumba alishamzoea tangu kwenye kesi ya mwanawe, mchunguzi huyo alipokishika ukingoni, kwa ncha za vidole, kipande cha kioo cha duka lililovunjwa, akasema kwa sauti yake ya upole, "Alama hizi si za kijana huyu." Ndiyo maana siku alipokuja kuwatembelea, kijana alikuwa jikoni akipiga mluzi. Mama alipomkaribisha maji, mgeni aliichukua bilauri vilevile, ukingoni.

"Shika vizuri, mwanangu," mama akacheka, "hapa hakuna kesi."

Mgeni akaikumbatia kwa kiganja kizima, akanywa yote. Vyombo vyote vilioshwa jioni ile isipokuwa bilauri hiyo. Iko kabatini mpaka leo, na ole wake atakayeifuta.