Moshi ya Samaki na Masuwa ya Bazungu

Bandugu, leo nilizima moto yangu, na masuwa ya bazungu ikapanda juu ya muchanga. Mungoje niwaelezee.

Asubui muzungu moja alishuka ndani ya masuwa, akafika kwenye kisanga yetu katikati ya mto, huku chini ya Yanonge. Viatu nyeupe, karte ya mto mukononi.

"Mama, masuwa ya touristes itatoka Stanleyville, itasimama hapa ili baogelee. Leo tunajaribu. Alors, zima ile moto. Moshi inanuka."

Inanuka! Inakausha samaki yenye inalisha batoto yangu sita!

Nikamwambia, "Papa, muchanga inahama kila mwaka. Tunawashaka moto mbele ya maji marefu. Bapilote ba masuwa banaangaliaka moshi ili bapate njia."

Akapigapiga karte yake. "Njia iko humu ndani."

Bon. Nikamwanga maji juu ya moto, fuuu! Nikakaa, nikakunja mikono.

Yeye akarudi ndani ya masuwa, akasimama pembeni ya Tonton wangu, ndugu ya mama, mwenye kuiongoza. Masuwa ikaenda kushoto, ikaenda kulia, ikatafuta, kisha krrr! Ikakwama.

Mungeona! Muzungu ndani ya maji, viatu mukononi, anakuja kwangu. "Mama, pardon! Washa moto!"

Tonton kule mbele anacheka na meno yote.

Munafikiri niliwasha mbio? Ata! Kwanza nilimwonyesha kitunga ya samaki. "Panga juu ya miti ya kukaushia. Moja moja."

Alipanga yote, amevaa chemise yake nyeupe, kisha nikawasha, moshi ikamufunika. Jioni bakasukuma masuwa, Tonton akaona moshi, akapata njia, bakaenda.

Na muzungu ananuka kama sisi.