Simu Ililia, Upepo Akadhani ni Spana

Saa mbili asubuhi, sebule ya nyumba hii haina pa kukalia. Kochi limetolewa barazani, zulia limekunjwa na kusimamishwa ukutani, na katikati ya chumba, juu ya meza nzito iliyokuwa ya kukatia vitambaa, kuna injini ya gari la mwendo kasi la kizamani, tumbo wazi.

Simu zote mbili za nyumba ziko kwa jirani. Zimepelekwa huko makusudi, na jirani ameambiwa asizirudishe kabla ya mchana, apige nani asipige nani.

"Vuta," anasema mke.

Mume anavuta. Spana ndefu inazunguka pole pole, mke ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mtoto akipumua. Kisha anainua kiganja.

"Tosha."

Anachukua chaki ya kushonea, anaweka alama juu ya nati, na wanahamia nyingine.

Mtaani mume huyu anaitwa Upepo. Jina alilipata gereji, kwa sababu yeye ndiye aliyepelekewa injini zisizo na rejeta, zile zinazopozwa kwa upepo wa feni badala ya maji. "Wateja wengine walikuja na chupa ya maji mkononi, wakauliza wayamimine wapi," anasema, akicheka peke yake kabla hajamaliza. "Nikawaambia kunyweni wenyewe, gari halina kiu."

Mkewe ni mshonaji wa sare za shule na magauni. Cherehani yake iko chumba cha pili, na mpaka mwaka juzi alikuwa hajui spana namba kumi ikoje. Mwaka juzi ndipo kiharusi kilipomkuta Upepo akiwa chini ya gari la mtu.

Ulimi ulirudi, miguu ikarudi ya kutembelea, lakini upande wa kulia ulirudi nusu. Nguvu unazo, hisia hauna. "Nabeba ndoo vizuri tu," anasema, "ila sijui kama maji ni ya moto mpaka mtu aniambie nimeungua." Masikio nayo yalikuwa yamechoka zamani kwa nyundo za gereji. Mazungumzo anayasikia, lakini milio midogo midogo haimfikii.

Kwa fundi wa injini, hilo si jambo dogo hata kidogo. Nati za ndani hukazwa kwa spana ya kipimo, ambayo nati ikifika kiwango chake hulia "ka!" na hapo unaacha. Miaka yote Upepo aliupokea mlio ule kwa kiganja. Sasa kiganja kimelala na sikio limelala. Gereji ikamuaga kwa heshima zote, pato la nyumba likashuka kwa zaidi ya nusu, wakabaki kula cha cherehani.

"Njaa tunaijua, inapita," anasema. "Kilichoniuma ni kutoitwa. Mtu anapita hapo nje, gari linakohoa, ananisalimu kwa adabu, halafu huyo, anaenda kwa mwingine."

Aliyekuja kumwita ni mkunga mmoja mstaafu, ambaye mtaa mzima unamwita hivyo hivyo tu, Mkunga. Marehemu mumewe alimwachia gari jekundu la milango miwili, zuri la kutazama, injini imekufa. Aliingia hadi sebuleni akasema injini ya marehemu haitafunguliwa na mtu mwingine. Upepo akamwonyesha mkono wake. Mkunga akauangalia, kisha akauliza, "Kwani nyumba hii ina mikono mingapi?"

Cherehani katika chumba cha pili ikanyamaza.

"Hapo nikajua nimeshaajiriwa," anasema mke.

Siku ile, kwa maelezo yake mwenyewe, Upepo alijiwekea ahadi moyoni. Injini hii ikikubali, basi yeye bado ni fundi. Ikikataa, anauza spana zake zote na kusahau.

Wakagawana kazi. Mume anavuta spana, mke anatega sikio. Spana ikitoa mlio, mke anasema, "Imelia!" na mume anaacha. Vipuri vidogo vikaingia kwenye makopo ya vifungo, gasketi, vile vizibio vya kuzuia oili isivuje, zikalazwa juu ya karatasi za kukatia mitindo. Kazi ikanoga. Majirani wakipita dirishani wanasikia "imelia, imelia," wakadhani nyumba hii imenunua kengele mpya.

Kosa lilifanyika siku ya mikono ya pistoni, yaani vile vyuma vinavyoshika pistoni na kuziunganisha na krenki, mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini. Kila mkono una nati zake, na nati moja tu ikilegea gari likiwa kwenye mwendo, mkono unakatika na kutoboa injini ubavuni. Anayeendesha naye, Mungu ndiye ajuaye atakwenda kuangukia wapi. Siku ile nati zilikazwa kwa utaratibu wao, "imelia" baada ya "imelia." Baada ya wiki chache silinda zenye mapezi yake ya kupozea zilikuwa mahali pake, vichwa vya silinda vimefungwa, feni iko juu. Ilibaki kutia oili na kuwasha.

Wakiwa wanakula mchana, mke akaanza kumlalamikia mteja wake mmoja msumbufu.

"Yule aliyenipigia siku ile tunakaza mikono ya pistoni. Leo eti zipu haitaki tena, anataka vifungo."

Upepo akaacha kutafuna. "Alipiga simu saa ngapi?"

"Si tulikuwa wote? Nilikwambia."

"Uliniambia nini?"

"Nilikwambia imelia."

Hakuna aliyemaliza chakula. Simu ilikuwa imelia chumba cha pili, Upepo hakuisikia. Alichosikia ni neno la mkewe, na neno lilikuwa ni lile lile. Mkewe alipokwenda kuipokea, yeye akaacha kukaza, akahamia nati nyingine.

"Labda ulikuwa umeshaikaza," mke alijaribu.

"Labda," Upepo akajibu, akaitazama injini yote ilivyong'aa.

Hafichi kwamba alishawishika. "Shetani alivuta kigoda akakaa karibu yangu. Akaniambia, tia oili, washa, nani atajua? Gasketi mpya zimeshabanwa, ukifungua ni kununua nyingine, na mgongo unauma. Nikawa namsikiliza. Huyu mama ndiye aliyeinuka, akaondoa sahani mezani, akarudi na makopo yake ya vifungo. Nikaona aibu, nikainuka."

Walifungua siku kadhaa. Feni ikatoka, vichwa vikatoka, silinda na pistoni zikatoka. Mkono wa Upepo ni mnene, haupiti kwenye tundu lilipokaa silinda bila kukwaruzwa, na hata ukipita hautamwambia kitu. Wa mkewe unapita. Akauingiza, akawa anapapasa nati moja baada ya nyingine, macho ameyafumba, vidole vile vile vinavyojua uzi umekazwa au umelegea kabla hajautazama. Hii ngumu. Hii ngumu. Hii nayo ngumu.

"Baba, njoo," akasema. "Hii inazunguka kwa kidole."

Upepo alikaa chini sakafuni. "Spana haikulia, nikalia mimi," anasema, na safari hii hacheki. "Nilimshukuru Mungu, nikamshukuru mke wangu, nikamshukuru mpaka yule mteja wa zipu. Asingekuwa msumbufu, nani angemtaja mezani?"

"Gauni lake nilimshonea bure," mke anadakia. "Hadi leo haelewi kwa nini."

Ndiyo maana leo simu ziko kwa jirani, na nati zote zinapimwa upya, hata zilizokuwa nzima. Neno "imelia" limepigwa marufuku kabisa. "Hata mtoto wa jirani akianza," anasema mke, "humu tunasema anapiga kelele."

Jumamosi inayofuata gari jekundu liko uani, injini imerudi mahali pake. Mkunga amefika na kitambaa kipya kichwani, kama anayekwenda kumpokea mtu. Anaunyoosha mkono apewe ufunguo. Upepo hampi. Anaanza kumweleza habari yote, kuanzia simu mpaka nati. Mkewe anamkanyaga mguu, ila bahati mbaya ameupata ule wa kulia, kwa hiyo maelezo yanaendelea mpaka mwisho.

Mkunga anauteremsha mkono.

"Mlifungua wenyewe? Hakuna aliyewaambia?"

"Hakuna."

"Na mngenyamaza nisingejua."

"Usingejua, Mkunga."

Upepo ameushika ufunguo kama mtu anayesubiri kuambiwa aurudishe na aondoke, ingawa uani hapa ni kwake.

"Nimezalisha wanawake tangu ninyi hamjazaliwa," anasema Mkunga. "Mkunga akikwambia hajawahi kukosea, mkimbie. Mimi wakunga niliowapenda ni wale waliorudi wodini kuangalia tena." Anauchukua ufunguo. "Haya, ingieni. Nyote."

Kiti cha nyuma ni cha kuwekea mkoba, lakini Upepo anajikunja humo, magoti kidevuni. Injini inakohoa, inakataa, inakohoa tena, halafu inashika. Ngurumo yake ni nzito, na sauti nzito bado zinamfikia. Anaisikia yote. Wanakwenda mpaka mwisho wa mtaa, wanageuka, wanarudi, na mke anashuka wa kwanza kuchungulia kama kuna oili inayovuja. Hakuna.

Kabla ya kuondoka, Mkunga anasema ana rafiki mwenye injini ya aina hiyo hiyo, iko kwenye magunia, imefunguliwa na kuachwa. Ameshamwambia ailete. "Nimemwambia mafundi wako wawili."

Mpango wa Upepo ni kuezeka upande mmoja wa ua ili kazi itoke sebuleni. Mpango wa mke ni kochi lirudi ndani hata kesho.

"Zamani kila nikisali niliomba mkono wangu urudi," anasema Upepo, akifuta grisi kwa kipande cha sare ya shule. "Siku hizi naushukuru huu huu ulivyo. Ninachoomba ni kimoja tu, Mungu amtunzie huyu masikio yake."